Njia ya Mita Nne

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, haamini mtu. Sisemi hivi kumsengenya, maana nimeshamwambia usoni mara nyingi na yeye hucheka tu, halafu husema mimi ndiye wa kwanza kwenye orodha. Ukimpa risiti anaisoma mbele na nyuma. Daktari wa macho alipompimia miwani, alikwenda kwa daktari wa pili kuhakikisha kwamba herufi za ukutani ni zilezile. Ukimwambia habari za asubuhi, anakuuliza kwanza nani kakutuma.

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mshika futi katika idara ya upimaji ya baraza. Siyo mpima. Mpima ndiye aliyesimama nyuma ya darubini na kuandika daftarini. Shemeji ni yule wa upande wa pili, anayeingia kichakani na kutoka na miiba miguuni, anayeshika ncha ya futi, ule utepe wa kupimia, juu ya bikoni, yaani jiwe la mpaka, na kupiga kelele. Kelele yake ilikuwa moja tu: "Inua!" Ardhi ikiwa na mteremko, futi hailazwi chini. Inanyanyuliwa mpaka ikae sawa kama uso wa meza, la sivyo inakupa urefu wa uongo. Vibarua wapya walikuwa wakisahau, naye akiwafokea mpaka wanasikia walio mtaa wa pili. Basi jina likamganda. Mpaka leo mtaani ni Mzee Inua, na kuna watoto wanaodhani ndilo jina alilopewa na mama yake.

Kazi hiyo ndiyo iliyomharibu, au ndiyo iliyomfumbua macho, inategemea unamuuliza nani. Aliona bikoni zinazohama zenyewe. Aliona mashahidi wakiapa kuhusu mti ambao haujawahi kuota. "Shemeji," aliniambia siku moja, "nimemwona mtu analia juu ya kaburi la baba yake, machozi ya kweli kabisa, na huku mguu unasukuma jiwe la mpaka." Nilimmiminia chai, naye akaitazama kwanza.

Nyumba yao iko mahali ambapo jiji linaishia na wilaya inaanzia. Kiwanja ni kirefu na chembamba, kimeanzia barabarani na kushuka hadi karibu na bonde. Juu, mbele, anakaa shemeji na dada yangu. Chini, nyuma, kuna vyumba viwili vya dada yake mkubwa, fundi cherehani tunayemwita Bi Sindano. Kiwanja walikiacha wazazi wao, lakini hati ina jina la shemeji peke yake, kwa sababu wakati inaandikwa Bi Sindano alikuwa ameolewa mbali na hakuna aliyefikiri atarudi.

Alirudi. Mume alipofariki, ndugu za mume walimpa mpaka jioni awe ameondoka. Alikuja na cherehani juu ya mkokoteni, godoro na mwamvuli, akashuka hadi vyumba vya nyuma na kuanza kushona sare za shule kesho yake. Hiyo ni miaka kumi na mitano sasa. Kitu anachokitaka katika dunia hii ni kimoja na hakifichi: karatasi yenye jina lake, ili asifukuzwe tena.

"Wewe sikuogopi, mdogo wangu," humwambia shemeji. "Lakini siku ukifa? Watoto wako ni wazuri. Wake zao siwajui."

Shemeji aliahidi kukigawa kiwanja. Akaahidi tena. Kila mwaka kulikuwa na sababu: mara karani wa ardhi alikuwa na macho ya wizi, mara fomu ilikuwa na ukurasa mmoja zaidi ya ile ya zamani na yeye alitaka kujua huo ukurasa umeletwa na nani.

Mimi nina duka la fotokopi mkabala na ofisi za baraza. Kila karatasi ya serikali katika mji huu imepita kwenye mashine yangu, nyingine imekwama humo. Ndiyo maana nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuiona rasimu ya kanuni mpya za ugawaji wa viwanja. Kwa miaka mingi jiji lilikuwa na kanuni zake na wilaya ilikuwa na zake, na mtu akikataliwa dirisha hili alivuka barabara na kukubaliwa dirisha lile. Sasa mabaraza mawili yalikaa pamoja kuandika kanuni moja. Kurasa sitini na nne. Nilimtolea shemeji nakala, nikaipeleka nyumbani mwenyewe.

Akaishika kwa vidole viwili. "Nani kakwambia uniletee?"

"Moyo wangu mzuri."

"Moyo wako. Haya." Akavaa miwani, ile iliyothibitishwa na madaktari wawili.

Siku tatu hakutoka. Siku ya nne alikuja dukani na kidole kimebaki ndani ya ukurasa wa arobaini na moja. Kwa kanuni za zamani za wilaya, kiwanja cha nyuma kilitosha kuwa na njia ya miguu, mita moja na nusu, basi. Kanuni mpya zilisema hakuna kiwanja kitakachokatwa bila kupewa njia ya mita nne hadi barabarani. Ubavuni mwa nyumba ya shemeji, kati ya ukuta wa jiko na mpaka wa jirani, kuna mita moja na sentimita sitini.

"Hii imeandikwa kwa ajili yangu," akasema.

"Shemeji, imeandikwa kwa ajili ya watu laki nane."

"Hao wengine wamewekwa kunificha mimi."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Kwenye mkutano wa maoni, ukumbini, alisimama akamuuliza ofisa mipango miji, mama mmoja mpole mwenye sauti iliyokauka kwa vikao, mita nne zimetoka wapi.

"Gari la zimamoto, mzee wangu. Lazima lifike nyumba ya nyuma."

"Lina upana gani?"

"Mita mbili na nusu."

"Na hiyo moja na nusu inayobaki ni ya nani?"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Ofisa akasubiri yaishe. "Ni ya mtu anayekimbia moto, apishane na gari."

Watu wakampigia na yeye. Shemeji akakaa, hakuridhika hata kidogo. "Amejibu haraka mno," alinong'ona. "Mtu anayejibu haraka hivyo kaandaliwa."

Kumbe palikuwa na mlango. Ukurasa wa sitini na tatu ulisema kwamba maombi yatakayopokelewa na kugongwa muhuri kabla kanuni mpya hazijaanza kutumika yataamuliwa kwa kanuni za zamani. Mwanzo wake ulitangazwa: Jumatatu ya kwanza ya mwezi unaofuata. Wiki sita. Yaani mtu akiwahi, njia ya miguu inatosha, na Bi Sindano anapata hati yake bila kuguswa tofali.

Bi Sindano hakulala juu ya habari hiyo. Alimtafuta mpima, kijana mtaratibu mwenye leseni na viatu vya matope, ambaye alikuja na darubini yake, akapima asubuhi moja na kuleta mchoro baada ya siku tisa. Mchoro ulikuwa safi. Kiwanja cha mbele, kiwanja cha nyuma, njia ya miguu ubavuni. Kilichobaki ni sahihi ya mwenye hati, basi.

Shemeji akauchukua mchoro, akaukunja, akasema ataupitia.

Mimi nilijua tumekwisha.

Kesho yake alitoa futi yake ya zamani ya mita hamsini, akapima ubavu wa kiwanja kutoka bikoni ya barabarani hadi bikoni ya bondeni. Mchoro ulisema mita thelathini na nane na sentimita sitini. Futi yake ikasema thelathini na nane na tisini na mbili. Akarudia siku iliyofuata. Tisini na mbili. Sentimita thelathini na mbili zilikuwa zimepotea, na mtu kama yeye hawezi kupotelewa na sentimita thelathini na mbili akanywa chai.

Kwanza alimshuku jirani wa bondeni, dereva mstaafu ambaye kosa lake kubwa ni kupanda ua wa miti mpakani. Halafu akamshuku mpima. Halafu, na hapa ndipo nilipokasirika, akamshuku dada yake.

"Alimpelekea chai," aliniambia. Alikuja dukani saa nne asubuhi, akafunga mlango nyuma yake, wateja wangu wamesimama nje. "Mara mbili. Na alimpunguzia suruali bila malipo, nimeiona, ilikuwa ndefu sasa ni fupi. Suruali imepunguzwa, kiwanja nacho kimepunguzwa."

"Shemeji, ardhi iliyopungua ni ya chini. Ni ya dada yako mwenyewe! Atajiibia?"

Akanikazia macho. "Hapo ndipo penye ujanja."

"Ujanja upi?"

"Bado sijaujua. Ningekuwa nimeujua usingekuwa ujanja." Kisha akaangalia mashine yangu. "Na wewe mchoro uliutolea nakala ngapi?"

"Tatu."

"Mbona nimeona mbili?"

Nilimwonyesha ya tatu, niliyoiharibu, iko kwenye kapu la taka. Akaiokota, akaikunjua, akaitia mfukoni. Nikamwambia atoke dukani kwangu kabla sijasahau kwamba ni mume wa dada yangu. Nilikuwa nimechoka naye kweli. Mwanamke amekaa miaka kumi na mitano akisubiri karatasi moja, na mtu anaokota taka.

Wiki zikaenda. Bi Sindano alipanda mteremko kila jioni baada ya kazi, pini bado ziko kifuani, akisimama mlangoni pa jiko.

"Umesaini, mdogo wangu?"

"Bado naangalia, dada."

"Unaangalia nini?"

"Naangalia."

Hakuwahi kumwambia anachokishuku. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Mtu akikushtaki unajitetea. Shemeji alikuwa anamtazama tu, akimjibu kwa adabu, na usiku akimwambia dada yangu kwamba wanawake wa upole ndio wa kuogopwa. Dada yangu akamwambia basi aogope wa chumbani kwake kwanza.

Ijumaa ya mwisho, dirisha la mapokezi lilikuwa linafungwa saa tisa na nusu alasiri. Bi Sindano alifunga cherehani mapema. Saa sita alikuwa dukani kwangu, amevaa gauni lake la kijani la kutokea, bahasha imewekwa mapajani. Ndani yake kila kitu kilikuwapo: fomu, mchoro, nakala ya hati, picha zake mbili ndogo ambazo fomu haikuzitaka lakini alizitia tu. Palikosekana mstari mmoja wa wino.

"Amesema atakuja," aliniambia.

Nikampigia simu dada yangu. "Yuko wapi?"

"Yuko nje na futi," akasema. "Anapima tena. Nimempigia kelele mpaka sauti imekwisha."

Nilitaka kwenda kumburuta. Bi Sindano akanishika mkono, akasema niache, atakuja, ni mdogo wake anamjua. Tulikaa. Saa nane ikapita. Saa tisa watu walikuwa wamejaa mbele ya dirisha, wote na bahasha, wote wanataka kuwahi. Saa tisa na nusu karani alivuta pazia la chuma, tukalisikia kutoka ng'ambo ya barabara. Bi Sindano aliitazama ile bahasha kidogo. Akaomba nimpe kitambaa afute miwani, akaifuta muda mrefu, akaenda zake kwa miguu.

Jumamosi mpima alikuja nyumbani kuuliza mchoro wake uliishia wapi. Nilikuwepo; nilikwenda kupigana, kusema kweli. Shemeji alimpokea kibarazani kama hakimu. Akamtandikia mchoro, akamtandikia daftari lake, akamwonyesha thelathini na nane na sitini, akamwonyesha thelathini na nane na tisini na mbili. Mara tatu, siku tatu tofauti, jibu lilelile.

"Sasa nieleze," akasema. "Taratibu. Sina haraka."

Mpima hakukasirika. Alisimama akauangalia ule mteremko kutoka juu hadi bondeni, halafu akauliza swali la kawaida tu, la kazi.

"Mzee, ulipopima, nani alikushikia upande wa pili?"

"Msumari."

"Msumari?"

"Niliupigilia kwenye bikoni, nikatia pete ya futi. Msumari hauhongwi."

"Na katikati? Nani aliinua?"

Shemeji alifungua mdomo. Nikaona jibu linamfikia, nikaona na yeye analiona. Peke yake, na msumari, angeinuaje? Alikuwa ameilaza futi chini, ikafuata tumbo la ardhi hadi bondeni, ikampa urefu wa uongo mara tatu mfululizo. Mtu aliyewafokea vibarua miaka thelathini na moja. Hakuna aliyecheka, hata mimi, na nilikuwa na haki.

"Kila mita nane hivi ardhi inashuka mita moja," mpima akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayemfunika mgonjwa. "Zile sentimita zako zimo kwenye mteremko. Hazijaenda popote."

Shemeji aliliacha daftari mezani, akaingia ndani. Dada yangu akamfuata hadi mlangoni, akarudi. "Kakaa kitandani na viatu," akasema. Mpima alikunja mchoro wake. Ulikuwa haufai tena.

Jumatatu kanuni mpya zikaanza kutumika. Nilitoa nakala zake mia mbili kabla ya saa sita.

Jumatano jioni shemeji aliniita nyumbani, akamwita na dada yake. Tulikaa jikoni, sisi wanne, kwa sababu ndiko alikotaka tukae. Jiko la dada yangu ni chumba kizuri: dirisha la upande, rafu alizozipaka rangi mwenyewe, sinki lililosubiriwa miaka sita. Limetokeza ubavuni mwa nyumba kwa mita mbili na sentimita arobaini.

"Moja na sitini za nje," akasema shemeji. "Mbili na arobaini za humu. Jumla nne." Akaweka kiganja ukutani. "Nalivunja."

Dada yangu aliinuka, akakaa. "Wewe umekosea, jiko langu ndilo linalipa?"

"Ndiyo, mke wangu."

"Nitapikia wapi?"

"Kibarazani, mpaka nijenge jingine. Nitajenga."

Nilimwona dada yangu anapambana na nafsi yake. Alimtazama wifi yake, akaiangalia ile rafu yake, machozi yakamlengalenga. "Sinki usilivunje," akasema mwishoni. "Lifungue kwa spana, taratibu."

Nilingoja Bi Sindano afurahi. Nilifikiri atalia, atamkumbatia mdogo wake, na sisi wengine tutapata nafasi ya kupenga makamasi.

"Kwa nini?" akauliza.

"Dada, ili upate hati."

"Miaka kumi na mitano ulikuwa na mita moja na nusu ya kunipa, hukunipa. Leo unanipa nne na jiko juu yake." Alimtazama machoni, bila hasira. "Nani kakwambia? Kuna nini humo?"

"Hakuna kitu, dada. Nilikosea. Nilipima vibaya, nikakushuku wewe."

Ndipo alipojua. Sote tulisikia jinsi neno lile lilivyoingia. "Mimi," akasema. "Ulinishuku mimi." Aliziokota pini alizokuwa ameziweka mezani, moja moja, akazichomeka kifuani. "Haya. Vunja. Lakini nitatafuta mpima wangu, na wewe humjui."

Alimpata, mama mmoja kutoka upande wa pili wa jiji. Alikuja baada ya siku kumi, ukuta ukiwa umeshashuka, sinki limeegemezwa kibarazani na kufunikwa gunia kama mgeni. Vumbi la tofali lilikuwa bado limetanda. Shemeji alivaa viatu vyake vya kazi vya zamani na kofia, akanyoosha mkono apokee ncha ya futi, kama ilivyokuwa desturi yake maisha yake yote.

"Wewe kaa," Bi Sindano akamwambia. "Nitashika mwenyewe."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Dada yake alipiga magoti kwenye vifusi na gauni lake la kijani, akabana ncha ya futi kwenye ukuta uliobaki. Mpima akasoma: mita nne na sentimita mbili. Bi Sindano akaandika kwenye daftari lake la vipimo vya nguo.

"Rudia," akasema.

Mpima akarudia. Nne na mbili.

"Mara moja tena, mama, samahani."

Shemeji aliniegemea. Sijawahi kumwona mdogo kiasi kile. "Shemeji," alinong'ona, "haniamini."

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiria kumdanganya. "Ndiyo, shemeji," nikamwambia. "Hakuamini."

Akatikisa kichwa, akairudisha miguu yake nyuma ili futi ipite.